Kumpiga Picha Mtoto Mchanga Nyumbani

Wazazi wengi siku hizi humwita mpiga picha nyumbani mtoto angali mchanga, na baadhi ya ndugu zetu hutuuliza hukumu ya picha yenyewe. Katika hilo hatutarefusha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliandika risala kuonyesha kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, si umbo lililotungwa kwa mkono. Wako wanavyuoni waliokataa. Swali linalotushughulisha sisi ni jingine: huyu asiyeweza kukubali wala kukataa, twaruhusiwa kumfanya nini kwa ajili ya picha?

Tuanze na matayarisho, kwani hapo ndipo nia ya mtu hujulikana. Wapiga picha hupenda wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa mtoto hulala sana na hujikunja kama alivyokuwa tumboni. Basi na anyonye kwanza ashibe, alazwe karibu na dirisha pasipo jua la kumpiga usoni, na mpiga picha anawe mikono. Mwenye mafua au kikohozi asiingie, awe ni nani. Wa ng'ambo huagiza chumba kitiwe joto mpaka nyuzi 27 au zaidi. Mombasa mwezi wa Machi agizo hilo ni la kuchekesha. Kwetu yatosha kuzima pangaboi akivuliwa nguo, maana mwili wake hupoteza joto upesi. Na wanja twawaomba kina mama wauache: aina kadhaa zimepimwa zikakutwa na madini ya risasi, nayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Kisha iko ile picha mashuhuri ya mtoto aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake, kama mtu mzima anayewaza. Hapana mtoto mchanga awezaye kukaa hivyo. Shingo yake haikimudu kichwa. Wajuzi wa kazi hiyo hupiga picha mbili, katika moja mtu ameshika kichwa cha mtoto, katika ya pili ameshika mikono yake, kisha huziunganisha na kumfuta mshikaji. Asiyejua siri hiyo humlazimisha mwanawe jambo ambalo hata yule wa pichani hakulifanya.

Atasema mtu: mtoto ni wangu, na idhini yake ni yangu. Twajibu kuwa idhini ya mzazi ni ya mlinzi, si ya mwenye mali. Msimamizi wa yatima huuza na kununua, lakini kwa faida ya yatima, na siku ya kumkabidhi mali humpa na hesabu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi, wala haikutosheka nayo, ila yataka pia maslahi ya mtoto yalindwe. Picha iliyo sandukuni mtoto aweza kuichana atakapokua. Iliyotumwa kwa simu hairudi. Kwa hiyo mpiga picha na aambiwe kabla hajafungua mkoba wake kwamba hana ruhusa ya kuzitangaza kwa biashara yake. Wengi hulisahau hilo.

Na mama naye yumo katika arobaini yake. Akisema amechoka, mpiga picha na apewe ujira wake aende zake.