Rangi na Haki ya Sura

Swali la rangi ipi ifaayo kuchorea umbo la mtu hudhaniwa kuwa la ufundi tu. Kumbe ni la haki pia. Mchoraji wa Mkuyuni, Mwanza, akiombwa na wafiwa sura ya marehemu, huchagua rangi, na papo hapo huchagua namna watoto watakavyomkumbuka mzazi wao.

Rangi ya mafuta hukawia kukauka. Humpa fundi nafasi ya kulainisha kivuli cha shavu na kusahihisha leo kosa la jana. Akriliki hukauka upesi, wala haimngoji mwenye kusitasita. Rangi ya maji ni nyepesi na ya kupendeza, lakini karatasi yake huogopa unyevu wa ziwani na jua la dirishani.

Je, iliyo ghali ndiyo bora? Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi ya baiskeli, na kazi yake ilizaa mtindo wenye jina lake. Watu wembamba wa miamba ya Kondoa, waliochorwa kwa wekundu wa udongo, wanaishi hata leo. Lakini miamba ile haimwahidi mtazamaji sura ya baba yake.

Basi hakuna rangi iliyo duni kwa asili yake. Duni ni ahadi isiyolingana nayo. Fundi ajuaye kuwa rangi yake itachujuka, kisha akanyamaza na kupokea ujira, amewaibia wafiwa mtu waliyekwisha kumpoteza mara moja.