Mlima Uliowekwa Wakfu

Wanadamu wameshindania ardhi tangu zama za kale, lakini ni wachache waliotulia wakajiuliza kama kiumbe, ambaye umri wake ni mfupi na ambaye hakuumba hata chembe moja ya mchanga, aweza kwa haki kukiita chake kitu kilichokuwapo kabla hajazaliwa na kitakachokuwapo baada ya yeye kufukiwa ndani yake. Torati iliwakataza Wana wa Israeli kuiuza ardhi kwa daima, kwa hoja kwamba mwenyewe ni Mungu nao ni wageni waliokaribishwa juu yake. Na mafakihi wa Kiislamu wakapambanua baina ya asili ya kitu na manufaa yake, wakasema kuwa milki ya hakika ni ya Mola, na kwamba alichopewa binadamu ni idhini ya kutumia ambayo siku moja ataulizwa habari zake. Swali hili nimependa kulitazama katika nchi ya mbali, katika jimbo la Maine huko Marekani, kwa kuwa huko limejibiwa kwa shoka, kwa kisu na kwa hati, na majibu hayo hayapatani.

Maine iko katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ikipakana na Kanada. Misitu imefunika karibu sehemu tisa katika kumi za ardhi yake, kiasi kisichofikiwa na jimbo jingine lolote la dola ile, na pwani yake imekatwakatwa na hori na visiwa hata mtu akiufuata kila mpindo wa ufuko atapita kilometa 5,000. Wenyeji wake wa asili ni mataifa ya Wabanaki, miongoni mwao Wapenobscot na Wapassamaquoddy, ambao husimulia kwamba Gluskabe, shujaa wa visa vyao vya mwanzo wa ulimwengu, aliupiga mti mmoja kwa mshale, na kutoka katika shina lililopasuka wakatoka watu wakiimba na kucheza. Miti ya namna ile ingalipo mabondeni, na Wabanaki mpaka leo huligongagonga gogo lake hata likaachana kwa tabaka nyembamba, wakasukia vikapu. Sisi tusioishika itikadi hiyo hatuna sababu ya kuidharau, maana mtu anayeamini kuwa alitoka ndani ya mti hawezi kuuliza mti ni wa nani kabla ya kujiuliza yeye mwenyewe ni wa nani.

Aliyejibu kwa shoka alikuwa mfalme. Katika mwaka 1691 hati ya utawala ya Massachusetts, ambayo Maine ilikuwa ndani ya mipaka yake, iliwekea taji la Uingereza kila msonobari wenye kipenyo cha inchi 24 uliosimama katika ardhi isiyokwisha kugawiwa watu, kwa sababu manowari zilihitaji milingoti; na maofisa wakapita mwituni wakiitia miti alama ya mshale kwa mapigo matatu ya shoka. Hebu mtu afikiri jambo hili: mfalme ambaye hakupanda mbegu ile, wala hakuuona msitu wenyewe, akawa mwenye mti uliokuwa ukikua kabla babu yake hajazaliwa, na mkazi aishiye chini ya kivuli chake akawa mwizi kama angeuangusha. Waingereza walipoondoka fikira yao haikuondoka. Mji wa Bangor ukawa katika karne ya kumi na tisa bandari mojawapo iliyo kubwa kabisa ya mbao duniani, na magogo yaliteremshwa kwa mito mpaka mwaka 1976. Hata kuzaliwa kwa jimbo lenyewe mwaka 1820 kulikuwa sehemu ya biashara, kwani Maine ilikubaliwa kuwa jimbo lisilo na utumwa ili Missouri ikubaliwe pamoja na watumwa wake. Na katika mapatano hayo ardhi na binadamu viliwekwa katika mizani moja.

Mwenye kudhani kuwa hati peke yake yatosha kuhalalisha milki na asome habari za Malaga, kisiwa kidogo walipoishi wavuvi maskini, kama watu 45, wenye damu ya Kiafrika na ya Kizungu iliyochanganyika. Mwaka 1912 serikali ya jimbo iliwahamisha wote. Baadhi yao wakatiwa katika nyumba ya watu wenye upungufu wa akili, na maiti za wafu wao zikafukuliwa makaburini. Karatasi zilikuwa safi. Bunge la jimbo lilitamka majuto yake mwaka 2010, na katika muda wa miaka 98 iliyopita kati ya tendo na majuto, hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilivunjwa.

Kisu ni cha wavuvi. Wao hutega kamba wakubwa wenye magando mawili, nao wakimpata jike aliyebeba mayai humkata alama ndogo mkiani, mithili ya ncha ya mshale, kisha humrudisha baharini. Na mvuvi yeyote atakayemnasa baadaye na kuiona alama hiyo ni haramu kwake kumchukua, hata kama wakati huo hana yai moja. Naiona alama hii kuwa kinyume kamili cha ile ya mfalme, ijapokuwa kwa sura zafanana, kwa maana moja yasema kitu hiki ni changu hata nisipokiona, na nyingine yasema kitu hiki nimekishika mkononi na si changu.

Nafika sasa kwenye hati, nayo ndiyo iliyonivuta kuandika. Mlima Katahdin, wenye kimo cha mita 1,606, ni mtakatifu kwa Wapenobscot, ambao husema kileleni anakaa Pamola, mwenye kichwa cha kulungu mkubwa wa kaskazini na mbawa za tai. Percival Baxter, aliyekuwa gavana tangu 1921 hata 1925, aliwasihi wabunge wainunue ardhi ya mlima ule kwa ajili ya umma, wakakataa. Alipotoka madarakani akainunua kwa fedha yake mwenyewe: mwaka 1930 alipata kwa kampuni ya karatasi ekari zipatazo 6,000, mwaka 1931 akazitoa kwa jimbo, na akaendelea kununua na kutoa mpaka mwaka 1962, ekari zikapita 200,000, kwa sharti kwamba zishikwe kwa amana milele na kuachwa katika hali yake ya asili, isipokuwa sehemu alizozitaja mwenyewe. Huyu alikuwa Mkristo wa Marekani, na sidhani kama alipata kusikia habari za Umar bin Khattab na ardhi yake ya Khaybar, ambayo Mtume alimshauri aizuie asili yake na kuyatoa manufaa yake. Lakini alichofanya ni wakfu kwa kila maana, na namheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu wafalme wengi.

Lakini fakihi angemwuliza swali moja zito: je, ulichokiweka wakfu kilikuwa chako? Wakfu wa kitu kilichoghusubiwa hausihi. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1790 ilikataza kununua ardhi ya Wahindi Wekundu pasipo idhini ya serikali kuu, idhini ambayo Massachusetts na Maine hazikuitafuta. Ndipo Wapenobscot na Wapassamaquoddy walipodai kiasi cha theluthi mbili za jimbo zima, na mwaka 1980 serikali kuu ikafanya suluhu nao kwa dola milioni 81.5. Suluhu ile ililipa thamani. Haikurudisha mlima.

Mimi sisemi kuwa tendo la Baxter ni batili, kwa kuwa lau si yeye shoka lingefika mpaka juu. Nasema kwamba wakfu ule una upungufu ambao bado waweza kutengenezwa. Mbuga iliyotokana na ardhi ile kwa muda mrefu ilisimamiwa na watu watatu kwa vyeo vyao: mwanasheria mkuu wa jimbo, mkuu wa idara ya wanyama na uvuvi, na mkuu wa idara ya misitu. Hapakuwa na kiti kilichowekwa kwa ajili ya Mpenobscot. Katika miji ya Portland na Lewiston ya jimbo hilo wanaishi leo wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo na nchi jirani, watu wajuao uchungu wa kunyang'anywa ardhi. Na miongoni mwao walio raia na wenye kura nawaomba wawaulize wabunge wao Wapenobscot wana sauti gani leo katika kuusimamia mlima ule.