Embe la Njiani

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Ulaya, kwanza anakutazama viatu. Ulaya yetu iko Kilosa, kwenye barabara ya kwenda Mikumi, na utotoni mwangu sinema yake ilikuwa kibanda umiza: mabati, mabenchi, jenereta nyuma, televisheni mbele. Kiingilio shilingi mia mbili. Humo nilimwona marehemu Steven Kanumba kwa mara ya kwanza, na humo nilimsikia Lufufu akiwagombanisha Wachina kwa Kiswahili.

Baadaye kibanda kikahamia mfukoni. Kijana mmoja mwenye kompyuta alikuwa akikujazia memori kadi kwa shilingi elfu moja, filamu nyingi kuliko ulizoweza kumaliza kwa mwezi. Nilijaziwa mara nyingi, na sikuwahi kujiona mwizi. Filamu niliyoichukua ilibaki palepale kwenye kompyuta, na aliyeitengeneza alilala nayo na kuamka nayo.

Nadhani dhamiri zetu zimelelewa na kuku na mahindi. Kuku akiibwa, banda linabaki na pengo, mwenyewe analalamika, na kijiji kizima kinajua kuna kosa. Nakala haiachi pengo. Je, kuna wizi pasipo na kilichopungua?

Bibi yangu alikuwa na sheria ya embe. Mpita njia mwenye njaa anaweza kuokota embe chini ya mti wa mtu, akalila palepale, akashukuru. Akijaza kikapu, huyo ni mwizi. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilinitetea: mimi nilikula tu, mwenye kikapu ni yule kijana. Lakini mwembe hauhitaji kulipwa ndipo uzae mwakani. Filamu inahitaji. Kamera hukodiwa, waigizaji hula, dereva hudai mafuta. Pengo lipo, ila haliko kwenye ghala la leo. Liko kwenye filamu ya mwakani ambayo haitatengenezwa, na hakuna anayelilia mtoto ambaye hakuzaliwa.

Serikali haikukaa kimya. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwaka 2013 zilikuja stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo, wakilalamikia filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Lakini stempu zilibandikwa kwenye diski. Filamu inayorushwa kutoka simu hadi simu haina pa kubandikwa chochote.

"Sasa ningelipia wapi?" rafiki yangu huniuliza. Ni swali la haki. Netflix ilifunguliwa Afrika karibu yote Januari 2016, lakini mkulima wa ufuta wa kwetu hana kadi ya benki, wala bando la kumfikisha mwisho wa filamu. Aliyenyimwa mlango simlaumu sana kwa kupita dirishani. Ninachokataa ni kusema kwamba kwa sababu hapakuwa na mlango, hapakuwa na deni. Deni halifutwi kwa kukosekana pa kulipia. Linangoja.

Na sasa mlango umeanza kufunguliwa. Watengenezaji wengi wanaweka kazi zao YouTube wenyewe. Nikitazama kwenye ukurasa wa mwenye kazi, tangazo linapita na senti inaweza kumfikia. Nikiitazama filamu hiyohiyo kwa mtu aliyeipakia upya bila ruhusa, bando langu linaisha kiasi kilekile, na mwenye kazi haambulii kitu. Kwangu gharama ni moja. Hapo ndipo kisingizio changu kilipofia, na hapo ndipo nilipotambua jambo la aibu zaidi: hata kile kiingilio cha kibandani kiliishia kwa mwenye jenereta. Nililipa, lakini sikumlipa niliyekuwa nikidaiwa naye. Kutoa pesa na kulipa deni ni mambo mawili.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mdogo wangu aliniomba filamu. "Kaka, nirushie."

Nikamwonyesha ukurasa wa mwenyewe.

"Na bando?"

Nikamnunulia. Najua sehemu kubwa ya pesa ile ilikwenda kwa kampuni ya simu, si kwa msanii. Haki yenyewe bado ni nyembamba. Tukakaa kibarazani, vichwa viwili kwenye kioo kimoja. Katikati ya kisa likaingia tangazo la sabuni, naye akanyoosha kidole kuliruka.

"Liache," nikamwambia. "Hicho ndicho kiingilio."