Masengenyo au Ushahidi?

Kwenye somo la Biblia la Jumatano kuna swali lililoulizwa, muda ukatuishia kabla ya kulijibu. Mtu amependekezwa kwa kazi kubwa ya serikali, na wewe unamjua, tena unajua jambo baya juu yake. Ukilisema, si ni masengenyo? Nimeona nilijibu hapa, maana si swali dogo.

Kwanza tuone jinsi watu hawa wanavyopigwa msasa. Chukua kiti cha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, yule anayekagua serikali kuu, kaunti zote 47 pamoja na hii yetu, mahakama, na Bunge lenyewe. Kifungu cha 229 cha Katiba kinasema Rais anampendekeza, Bunge la Kitaifa linamwidhinisha, ndipo Rais anamteua. Anakaa miaka 8 na haongezewi hata siku. Kabla Bunge halijaamua, kamati yake inamhoji, na kifungu cha 124 kinataka kikao hicho kiwe wazi kwa wananchi. Sisi wengi tunakiangalia kwenye TV, na tukizima tunachokumbuka ni mamilioni aliyosema anayo!

Mimi nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba meneja hajichagulii mkaguzi. Wenye hisa ndio humchagua. Sasa angalia: wabunge walio kwenye kamati wana fedha za NG-CDF zinazotumika katika maeneo yao, na mkaguzi huyo huyo ndiye atakayezikagua. Ni kama kumuuliza fisi maoni yake kuhusu mlinzi wa zizi. (Sisemi kila mbunge ni fisi. Wapo waaminifu, na tunawaombea.)

Wala msidhani kiti hiki ni mapambo. Edward Ouko alimaliza miaka yake 8 Agosti 2019. Jopo la uteuzi likawahoji watu, likasema hakuna aliyefaa, nafasi ikatangazwa upya. Nancy Gathungu, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo, aliingia ofisini Julai 2020. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha ili atoe ripoti. Mwaka ule uliisha Juni 2019, kwa hivyo tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba. Ilifika ikapita, kiti kikiwa kitupu.

Katika nchi, wenye hisa ni sisi wananchi, na sheria ilituachia mlango. Sheria ya mwaka 2011 kuhusu Bunge kuidhinisha uteuzi inasema mtu yeyote, kabla ya kikao, anaweza kumpelekea Karani wa Bunge maelezo yaliyoandikwa chini ya kiapo, yakionyesha kwa nini aliyependekezwa hafai. Mtu yeyote: mama mboga, kijana wa boda, mchunga ngamia wa kule Merti. Unaapa mbele ya wakili, unatia sahihi. Na sheria hiyo hiyo ina jambo linalonisumbua zaidi. Muda ukiisha na Bunge halijamkubali wala kumkataa, anahesabiwa kuwa amekubaliwa.

Sasa turudi kwa swali. Masengenyo hayana sahihi. Yanapita kwenye group ya WhatsApp, "nimeambiwa tu, usiseme ni mimi," na anayesemwa hayupo kujibu. Ushahidi una jina lako chini yake. Anayeshtakiwa anausoma, anajibu, na wewe unaweza kuulizwa ulijuaje. Ukidanganya, Kumbukumbu la Torati 19 linasema shahidi wa uongo atendewe kile alichotaka kumtendea ndugu yake. Hiyo ndiyo sababu wengi wetu tunapenda WhatsApp kuliko kiapo.

Lakini Walawi 5:1 hainiachi nipumzike. Aliyeona au aliyejua jambo, akasikia mashahidi wakiitwa, akanyamaza, anabeba hatia. Biblia haimpi sifa ya kuwa mpole. Hata kanisani Paulo hakufunga mlango wa mashtaka dhidi ya mzee. Alitaka mashahidi wawili au watatu. Na kwa yule atakayesimamia kanisa, alitaka ashuhudiwe vizuri na walio nje (1 Timotheo 3:7). Walio nje, jamani! Wanaomdai, waliomfanyia kazi, waliokaa naye kwenye mkutano wa cooperative.

Danieli alikuwa msimamizi wa aina hii. Dario aliweka maliwali 120, juu yao watatu, ili mfalme asipate hasara. Wenye kusimamiwa wakamchunguza Danieli wapate kosa katika kazi yake, wakakosa, ndipo wakamgeukia kwa maombi yake. Mimi naona ule ulikuwa msasa mkali kuliko wa kamati yoyote, na waliompiga walikuwa maadui.

Hapa Isiolo jina likitajwa tunauliza kwanza: ni Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana ama Msamburu? Kutaka watu wa kaskazini wapewe nafasi si dhambi, tumeachwa nyuma muda mrefu. Lakini mkaguzi ambaye ni "mtu wetu" akifumbia macho hesabu za kaunti yetu, barabara isiyojengwa itakuwa ni ya kwetu, na zahanati isiyo na dawa ni ile unayompeleka mtoto wako.

Jambo la mwisho linanihusu mimi. Vijana na wazee huja ofisini: "Pasta, niandikie barua kwamba mimi ni mwadilifu, nimeitwa interview." Nitakuandikia ninachojua. Nitasema umeabudu nasi kwa miaka mingapi, umehudumu idara gani, na kama uliwahi kushika sadaka, hesabu ilitimia ama haikutimia. Kuhusu namna ulivyoshika pesa kazini kwako, nitaandika kwamba sijui, na kwamba waulizwe mliofanya nao kazi.