Ukuta wa Darini: Nani Anajibu Kijana Anapoanguka?

Mafungu ya kusoma: Kumb. 22:8, Mwa. 38:11–26, Mwa. 39:7–20; Eze. 18:19, 20, Luka 17:1, 2, Rum. 7:18, 19.

Wazo kuu: Kila mtu atatoa hesabu ya hatua zake mwenyewe, na mwenye nyumba atatoa hesabu ya dari isiyo na ukuta.

Torati ina agizo fupi ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Katika Kumb. 22:8 Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta juu ya dari yake. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda huko kuanika mazao, kupumzika na hata kulala. Kama mtu angeanguka kwa sababu hapakuwa na ukuta, hatia ya damu ingekuwa juu ya nyumba ile. Tafakari jambo hili. Aliyeanguka alikuwa na macho na miguu yake. Huenda alikuwa mzembe. Hata hivyo, agizo hili halimsemeshi yeye. Linamsemesha mwenye nyumba: ukuta uko wapi?

Agizo hili linatusaidia kulikabili swali linaloyasumbua makanisa yetu. Kijana aliyeko shuleni anapoingia katika uasherati, akapata mimba au ugonjwa, nani anajibu? Wako wanaosema, "Ni yeye mwenyewe, alifundishwa akakataa." Wengine husema, "Ni umaskini, ni simu, ni marafiki. Mtoto hana kosa." Biblia hairidhiki na jibu lolote kati ya haya likisimama peke yake.

Kujua na Kuweza

Nabii Hosea aliliona taifa likipotea kwa kukosa maarifa (Hos. 4:6), kwa hiyo mafundisho si kitu cha kudharau. Lakini je, maarifa yanatosha?

Mkoani Mwanza swali hili lilipimwa. Kuanzia mwaka 1999 mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana ulifanyika vijijini. Zilichaguliwa jamii 20: 10 zilipata mradi, na 10 zikawa za kulinganishia. Walimu walifundisha afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, wahudumu wa zahanati walielekezwa jinsi ya kuwapokea vijana bila kuwafokea, na wanajamii walishirikishwa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima vijana karibu 14,000. Wale wa jamii zilizopata mradi walijua zaidi, na maarifa yao yalikuwa yamedumu kwa miaka mingi. Lakini katika maambukizi ya VVU na ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, haikuonekana tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili.

Msomaji wa Warumi hapaswi kushangaa. Katika Rum. 7:18, 19 Paulo anakiri kwamba analitambua jema na kulitaka, lakini uwezo wa kulitenda haupati ndani yake. Kama mtume mtu mzima alisema hivyo, tunategemea nini kwa mtoto wa miaka 15 ambaye tumempa hubiri moja la usafi wakati wa makambi, kisha tukamwacha arudi katika mazingira yale yale?

Njia ya Kwenda Shule

Hebu tuyatazame mazingira hayo. Binti wa kidato cha pili anasoma shule ya kata iliyo mbali na nyumbani. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini ada si mahitaji yote. Kuna daftari, nauli, chakula cha mchana na taulo za kike. Kijana wa bodaboda anampa lifti Jumatatu, na Jumanne tena. Ijumaa anamnunulia chipsi. Hakuna aliyetaja deni, lakini binti anajua kwamba deni lipo. Au wazazi wamempangia chumba karibu na shule, naye analala huko bila mtu mzima wa kumwangalia, huku jirani mwenye duka akimkopesha sukari. Watanzania wanalo jina la mtu mzima wa namna hiyo: fataki. Jina hilo huchekesha redioni, lakini halichekeshi katika chumba kile.

Kijana wa kiume naye yumo hatarini. Wenzake wanamwambia kwamba uanaume huthibitishwa kwa kulala na msichana. Simu inamfundisha usiku yale ambayo baba yake hakuyasema mchana. Tafiti zilizofanyika vijijini mkoani Mwanza zilikuta kwamba wazazi walipozungumza na watoto juu ya mambo haya, mara nyingi walionya na kutisha tu. "Ukileta mimba hapa, utaondoka." Neno kama hilo humfundisha mtoto jambo moja hasa: akipata shida, nyumbani si mahali pa kukimbilia.

Je, Basi Kijana Hana Hatia?

Hapa tuwe waangalifu. Ezekieli aliwakuta watu waliojifariji kwa kusema kwamba wanaumwa meno kwa zabibu walizokula baba zao. Mungu aliikataa hoja hiyo: roho itendayo dhambi ndiyo itakayojibu (Eze. 18:19, 20). Kumwambia kijana kwamba hana uwezo wa kuchagua si kumhurumia. Ni kumvua utu wake. Yusufu alikuwa mtumwa katika nchi ya kigeni, mbali na baba yake, na bado alikataa, akakimbia, akalipa kwa kifungo (Mwa. 39:7–20). Neema ya Mungu inaweza kumsimamisha mtu hata mahali pale.

Lakini tusimtumie Yusufu vibaya. Yusufu anathibitisha kwamba inawezekana kusimama mahali pabaya. Hathibitishi kwamba ni halali kwetu kumwacha mtoto mahali pabaya. Wala tusisahau kwamba mtoto aliyetishwa, aliyelewa kwa kileo alichopewa au aliyelazimishwa hakuchagua kabisa. Huyo ametendewa dhambi, na kumwita mtenda dhambi ni kumjeruhi mara ya pili.

Yesu aliyashika mambo yote mawili pamoja. Alisema makwazo hayana budi kuja, kisha akatangaza ole kwa yule anayeyaleta (Luka 17:1, 2). Wajibu si mkate ambao mmoja akimega kipande kikubwa, mwingine hupata kidogo. Kijana anaweza kujibu kwa hatua yake, na mwenye nyumba akajibu kikamilifu kwa dari yake.

Pete, Kamba na Fimbo

Yuda alipoambiwa kwamba mkwewe Tamari ana mimba ya uzinzi, hukumu yake ilitoka mara moja: atolewe, achomwe moto. Ndipo Tamari akatoa pete, kamba na fimbo. Angalia maneno ya Yuda baada ya hapo. Hakusema tu kwamba wote wawili wamekosa. Alikiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, kwa sababu hakumpa Shela mwanawe (Mwa. 38:26). Alitambua kwamba yeye ndiye aliyemnyima mjane huyo ulinzi aliostahili, kisha akataka kumchoma kwa kukosa ulinzi huo.

Je, mabaraza yetu hayajawahi kufanana na Yuda kabla ya kuiona ile pete? Binti huletwa peke yake, maana tumbo haliwezi kufichwa. Jina lake husomwa mbele ya kanisa. Mwanamume haulizwi, au wazee wa familia mbili huketi jioni, fedha hutolewa, na jambo "linamalizwa kifamilia". Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Mkristo anayesaidia kuficha jambo hilo hajaleta amani. Ameibomoa sehemu nyingine ya ukuta.

Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilifungua njia kwa wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba kurudi katika shule za umma. Itakuwa aibu mlango wa shule ukiwa mpana kuliko mlango wa kanisa. Marudi ya kanisa yana nafasi yake, lakini lengo lake ni kumrejesha aliyeanguka, si kumtupa nje ili sisi tuonekane safi.

Kuanza Kujenga

Ukuta hujengwa kwa tofali moja moja. Darasa lenu la Shule ya Sabato linaweza kujua ni watoto gani wanaotembea mbali na nani amepangiwa chumba peke yake. Mshiriki anayeishi karibu na shule anaweza kumpa binti kitanda. Dorkasi wanaweza kuweka akiba ya taulo za kike bila kumuaibisha anayezihitaji. Baba anaweza kumwita mwanawe wakazungumza bila fimbo mkononi, na kumwambia mapema: "Ukianguka, uje kwangu kwanza."

Hata tukifanya yote haya, wako watakaouruka ukuta. Hao watajibu kwa Mungu, na sisi tutaendelea kuwapenda. Lakini Bwana atakapotuuliza juu ya nyumba yake, lisiwe jibu letu kwamba tulihubiri sana juu ya hatari ya kuanguka.

Maswali ya Kujadili

1. Linganisha Kumb. 22:8 na Eze. 18:20. Je, mafungu haya yanapingana? Eleza.

2. Kuna tofauti gani kati ya kumwelewa aliyeanguka na kuihalalisha dhambi yake?

3. Kijana wa kanisa lenu akipata shida leo, angemwendea nani kwanza? Kama hamjui, jambo hilo linawaambia nini?

4. Tajeni sehemu moja ya dari yenu isiyo na ukuta. Nani ataanza kuijenga juma hili?