Haki ya Njia: Ulemavu na Upimaji wa Mji Buterere

Buterere, eneo la kaskazini mwa Bujumbura, Burundi, lililo jirani na uwanja wa ndege, limeenea juu ya tambarare ya Imbo, na kwa kuwa ardhi yake ni ya chini, maji ya mvua hukawia kuondoka, hata kila mtaa mpya unaopimwa huko huhitaji mifereji kabla ya nyumba. Mahali ambapo njia zingali zinachorwa, swali la kale la dini hurudi kwa uzito mpya: je, tabu ya asiyeona, au ya anayetumia kiti cha magurudumu, ni kadari, yaani makadirio ya Mungu yaliyotangulia, au ni kazi ya mikono ya watu?

Hapana budi kutenganisha mambo mawili. Kutoona ni hali ya mwili, na Injili ya Yohana, katika sura ya 9, inaeleza kwamba Yesu alikataa kuihesabu kuwa adhabu ya dhambi ya kipofu au ya wazazi wake; lakini mfereji ulioachwa bila kifuniko, au ngazi za zahanati zisizo na mteremko kando yake, ni uamuzi wa mpimaji, fundi na mtawala, na anayeuita kadari humsingizia Mungu.

Dini zenyewe zimekemea kuweka vikwazo njiani. Kitabu cha Mambo ya Walawi (19:14) kinakataza kumwekea kipofu kikwazo, na Mtume Muhammad alifundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani, ndipo wanazuoni wakazungumzia haki ya njia, yaani wajibu wa kutowadhuru wapitao. Ikiwa kuondoa jiwe ni imani, kukijenga kikwazo kwa saruji kutaitwaje?

Wapo wanaosema kwamba mji maskini utosheke na sadaka. Hata hivyo, sadaka hutegemea hiari ya mtoaji, ilhali Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, ikatunga sheria yake mwaka 2018. Tena Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, aliadhini Madina na kuachiwa mji auangalie Mtume alipokuwa safarini. Hakuwa mpokeaji wa huruma tu, bali mtumishi wa umma. Kwa hiyo mteremko ni deni, na wakati wa kulilipa ni sasa viwanja vinapopimwa, kwa kuwa kuchora ni rahisi kuliko kubomoa.