Uongo Uliochorwa Pamoja na Mabawa

Mwaka 1954 mhandisi Kelly Johnson wa kampuni ya Lockheed, California, alilipelekea Jeshi la Anga la Marekani mchoro wa ndege ya upelelezi aliyoiita CL-282. Mwili wake ulikuwa wa ndege ya kivita, mabawa yake marefu na membamba kama ya ndege isiyo na injini. Magurudumu haikuwa nayo: ingepaa kutoka juu ya kigari kinachobaki ardhini na kutua kwa tumbo. Silaha haikuwa nayo hata moja. Kila kilichoweza kuachwa kiliachwa, maana kila kilo ilimeza kimo, na kimo ndicho kilichotafutwa: kilomita 20 na zaidi, mahali ambapo ilitumainiwa kwamba ndege na makombora ya Kisovyeti hayafiki.

Jeshi la Anga likaukataa. Aliyeuokoa ni Edwin Land, mvumbuzi wa kamera za Polaroid, akiwa pamoja na James Killian, mkuu wa chuo cha MIT. Walimshauri Rais Dwight Eisenhower kazi hiyo wapewe CIA, shirika la ujasusi, kwa kuwa rubani aliyevaa sare za jeshi akivuka mpaka wa nchi nyingine, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa kitendo cha vita. Novemba 1954 Eisenhower aliidhinisha. Agosti 1955 ndege iliyotokana na mchoro ule, U-2, ilikuwa tayari inaruka juu ya jangwa la Nevada.

Wasimulizi wengi hukimbilia yaliyofuata: safari za siri, kombora, rubani kizimbani Moscow. Swali zito liko nyuma ya hayo yote, mezani kwa mchoraji. Dhambi ya kuchungulia huanza lini? Mpaka unapovukwa, au penseli inapogusa karatasi?

Kiswahili kimelihifadhi swali hili ndani ya msamiati wake. Neno jasusi limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio ule ule wa kitenzi kinachokatazwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, pale waumini wanapoamriwa wasichunguzane siri zao. Katazo hilo limewekwa kati ya dhana mbaya na kusengenya, na mpangilio huo una maana: dhana humtuma mtu kuchungulia, na aliyechungulia hakosi la kusema. Husimuliwa kwamba Khalifa Omar bin Khattab, akizunguka Madina usiku, alisikia kelele za ulevi nyumbani kwa mtu. Akapanda ukuta, akamkuta na pombe yake, akamkemea. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia kwa kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni, na hakupiga hodi wala hakutoa salamu. Omar akamwacha.

Lakini mapokeo hayo hayo yanamheshimu Hudhaifa bin Yaman, ambaye katika Vita vya Khandaq Mtume alimtuma usiku wa upepo na baridi kali aingie kambi ya maadui na kurudi na habari zao. Biblia nayo ina watu 12 ambao Musa aliwatuma kuipeleleza Kanaani, na wawili wa Yoshua ambao Rahabu aliwaficha darini kwake Yeriko. Kumchungulia jirani chumbani mwake ni jambo moja, na kujua jeshi linalokuja kukuangamiza liko wapi ni jambo lingine. Ugumu wa mwaka 1954 ni kwamba Marekani na Umoja wa Kisovyeti hawakuwa majirani wanaolala salama, wala hawakuwa vitani. Waliishi katikati, kila mmoja na mabomu yake ya nyuklia, asijue mwenzake anayo mangapi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliiogopa hali ya namna hiyo mapema. Katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliwataja wapelelezi miongoni mwa hila ambazo taifa halipaswi kuzitumia hata likiwa vitani. Hoja yake ni kwamba hila hizo zikishazoeleka haziishi pamoja na vita. Huhamia ndani ya amani na kuila imani ambayo amani husimama juu yake.

Kwa U-2, ulaji huo ulianza mapema. Ndege ilihitaji maelezo ya kuwaambia watu, hivyo mwaka 1956 NACA, taasisi ya kiraia ya utafiti wa anga, ilitangaza kwamba U-2 inachunguza hali ya hewa ya juu. Na kweli baadhi ya safari zilibeba vipimo vya hali ya hewa; ukweli kidogo ukawekwa mbele ili uongo mkubwa upite nyuma yake. Ila maelezo hayo yangesimama kwa sharti moja tu: ndege ikianguka, asibaki wa kusema. Wakuu wa CIA walimhakikishia Eisenhower kwamba rubani akipigwa katika kimo kile hatoki hai. U-2 za kwanza hazikuwekewa kiti cha kumrusha rubani nje, ili kupunguza uzito. Viti hivyo viliongezwa baadaye. Si haki kusema kwamba waliochora walimtakia mtu kifo. Lakini kifo chake kilikwisha kuingia katika hesabu, sawa na mafuta, sawa na uzito wa kamera.

Tarehe 1 Mei 1960 hesabu hiyo ilikosea. Rubani Francis Gary Powers aliruka kutoka Peshawar, Pakistan, akielekea Bodø, Norway, na kombora likamwangusha karibu na Sverdlovsk, ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Washington ikatangaza kwamba ndege ya hali ya hewa imepotea karibu na Ziwa Van, Uturuki. Tarehe 7 Mei kiongozi wa Kisovyeti Nikita Khrushchev akafichua kwamba rubani yu hai na yuko mikononi mwake. Siku chache baadaye Eisenhower alilibeba jukumu hilo hadharani, jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa hadi kaburini. Hata hivyo mkutano wa wakuu wa mataifa mjini Paris, uliotarajiwa kupunguza uhasama, ulivunjika mwezi huo huo.

Wanaomtetea rais huyo wana hoja za kweli. Picha za U-2 zilionesha kwamba Wasovyeti hawakuwa na ndege nyingi za mabomu kama ilivyohofiwa, na hofu iliyopungua ilizuia mashindano makubwa zaidi ya silaha. Oktoba 1962 picha za ndege hiyo hiyo zilifichua makombora ya Kisovyeti nchini Cuba wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuzungumza. Tena Eisenhower alijaribu mlango. Tarehe 21 Julai 1955, mjini Geneva, alipendekeza nchi hizo mbili ziruhusiane kupigana picha kutoka angani, wazi na kwa makubaliano. Khrushchev akakataa. Siku chache tu baada ya hotuba ile, U-2 ya kwanza ilifikishwa Nevada. Mtu alikuwa akipiga hodi mlangoni huku ngazi ya kurukia ukuta imekwisha kutengenezwa.

Ngazi ile huenda ilikuwa na udhuru. Nchi inayoogopa kuteketezwa ina haki ya kutazama, na ndege isiyo na silaha ni jicho lenye madhara madogo kuliko mengi. Kisicho na udhuru ni kumfanya mtu aliye hai kuwa kifuniko cha siri, kisha kujenga juu ya kutokurudi kwake.

Wakati Powers anaanguka, ndege ya kurithi kazi yake ilikuwa imekwisha kuchaguliwa. Johnson alikuwa amepitia michoro mingi hadi kufikia A-12, ya kasi iliyozidi mara tatu kasi ya sauti. Michoro hiyo ilihangaika na kasi, kimo na rada. A-12 haikuwahi kuruka juu ya Umoja wa Kisovyeti. Kilichotokea Sverdlovsk kilizifunga safari hizo.

Powers aliachiliwa Februari 1962, akibadilishwa na jasusi wa Kisovyeti Rudolf Abel kwenye daraja la Glienicke, Berlin. Nyumbani alikuta baadhi ya watu wakimuuliza kwa nini hakuitumia sindano ya sumu aliyopewa, iliyofichwa ndani ya sarafu ya dola. Mwezi uliofuata aliketi mbele ya kamati ya Seneti akiwa na kielelezo kidogo cha U-2 mkononi, akieleza jinsi ndege yake ilivyoanguka.